Kubadilisha raba zote hakuzuii gari kuvuja: dhana za wenye Camaro na Chevelle zinazonichosha

Wiki hii tena simu ileile. Camaro ya 1969 (kama Chevelle, ni gari la zamani la Chevrolet la Marekani), rangi mpya, injini unaweza kulia chakula juu yake, halafu kapeti imelowa chapachapa. "Fundi, nimenunua seti nzima ya raba za kuzibia milango, vioo na buti, mbona bado inavuja? Au nimeuziwa feki?" Hapana bosi hujauziwa feki, ila umeanzia mwisho. Naandika hapa ili nikipigiwa tena niwe natuma hii tu.

"Kapeti ikilowa ni raba ya mlango"

Hii ndiyo inayonitoa roho. Watu wengi hawajui kwamba maji YANAINGIA ndani ya mlango kila mvua ikinyesha, na kiwanda kilijua hilo tangu siku ya kwanza. Kioo kinapita kati ya felti mbili (vipande vya kitambaa kizito) pale juu ya mlango, moja ya nje moja ya ndani, na hizo felti kazi yake ni kukifuta kioo na kukizuia kisigonge bati, sio kuziba maji. Maji yanateremka na kioo, yanaingia tumboni mwa mlango, yanapita kwenye mashine ya kioo, yanatokea kwenye matundu ya chini. Basi. Ndio maana gari la zamani lililokaa nje ukifungua mlango baada ya mvua unaona linadondosha maji kwa chini, hilo ni zima kabisa.

Sasa kati ya tumbo la mlango na ile paneli ya ndani ya urembo kuna karatasi ya kuzuia maji. Karatasi nyeusi yenye lami, haina sura, mtu anayelifufua gari la zamani anaichana akitoa paneli na anaitupa kwa sababu imechakaa na hakuna atakayeiona. Hiyo ndiyo inayorudisha maji tumboni. Bodi za GM (General Motors, wenye Chevrolet) za miaka hiyo zilitengenezwa na Fisher Body, na kitabu chao cha ufundi kinaonesha kabisa karatasi inavyobandikwa pembeni na ncha yake ya chini inavyoingizwa ndani ya bati, ili tone likiteremka lirudi mlangoni lisije kwenye kapeti. Ukiibandika ncha ya chini kwa nje, umetengeneza mfereji wa kupeleka maji sakafuni. Ukiitupa kabisa, maji yanapita nyuma ya paneli, yanaozesha ubao wake, yanashuka kwenye kapeti, na wewe unaagiza raba nyingine za mlango wakati raba haikuhusika hata kidogo.

Kwa hiyo kabla hujanitumia picha ya raba, nitumie picha ya hiyo karatasi. Na chukua waya mwembamba uzibue matundu ya chini, maana mafundi rangi wanayajaza puti na anda-koti (ile rangi nzito ya chini ya gari) kila siku na mlango unageuka pipa.

Halafu kuna lile sanduku la bati chini ya waipa. Likioza, maji yanatokea miguuni kwa abiria karibu na hita. Wenye Ford Mustang za 1965 hadi 1968 wanalijua hili kwa machungu. Kioo cha nyuma nacho, hasa gari ambalo paa lake lilifunikwa kwa vinaili (kama ngozi ya plastiki), bati linaoza chini ya ile mikanda ya kromu na buti inajaa maji, mtu anabadilisha raba ya buti mara mbili. Raba ya buti imekosa nini jamani?

Jinsi ya kutafuta: mtu mmoja akae ndani na tochi, paneli za milango zikiwa zimetolewa, mwingine nje na mpira wa maji, presha ndogo, anza CHINI upande polepole. Ukianza kumwagia paani kila kitu kinalowa kwa pamoja na hujajua kitu. Na usitumie ile mashine ya presha ya kuoshea magari, hakuna mvua inayonyesha kwa kutokea pembeni kwa nguvu ile.

"Raba nene itaziba mwanya"

Dada yake ile ya kwanza. Hizi gari za hadtopu (paa la bati, bila nguzo kati ya vioo vya pembeni) vioo havina fremu, kioo chenyewe ndicho kinachokandamiza raba ya paani. Kwa hiyo raba inafuata kioo, kioo kinafuata mlango, na mlango unafuata bawaba. Utaratibu ni huo na hauna njia ya mkato: kwanza mlango ukae sawa na madigadi na bati la nyuma, mianya iwe imelingana, ile pini ya kitasa kwenye nguzo isiunyanyue mlango ukifunga. Kisha vioo. Kioo cha nyuma cha pembeni kwanza, halafu cha mlango kije kikutane nacho, unarekebisha kimo chake, kulala kwake kwa ndani au nje, na pale kinapogota juu. Reli inayobeba raba ya paani nayo matundu yake ya skurubu ni marefu, makusudi, ili uisogeze. Nikimuuliza mtu umeisogeza reli ananiambia hakujua kama inasogea!

Mimi natumia chaki. Paka chaki kwenye raba, funga mlango, pandisha kioo, shusha, angalia mstari ulioachwa kwenye kioo. Mstari ukiwa mpana mbele na umekatika nyuma, kioo kimelala vibaya, na raba nene itafanya mbele kugoma kufunga na nyuma kubaki wazi vilevile. Au weka kipande cha karatasi kati ya kioo na raba uvute, kinatakiwa kiwe na ubishi kidogo kote, kisichanike wala kisitoke bure.

Na ndio, raba mpya zinaufanya mlango uwe mgumu, nyingi za sasa zimeshiba kuliko sponji la zamani. Usikimbilie kuzikata, na usisogeze pini ya kitasa kwa nje mpaka mlango ukae umetokeza. Funga milango yote, vioo juu, gari likae juani wiki kadhaa. Zitakubali. Zisipokubali kabisa ndio uanze kuuliza maswali, lakini kwanza subiri, watu hamna subira.

Nyingine nazipitia haraka.

"Paka gundi nyingi kote ishike." Raba ya mlango ya GM kiwandani ilishikwa na vipini vya plastiki vinavyoingia kwenye matundu ya mlango, pembeni na chini, gundi ni kwa zile ncha za juu tu. Mtu anayemwaga gundi mlango mzima anaficha kwamba matundu yake yamezibwa na rangi. Pale gundi inapotakiwa, kama mfereji wa buti, futa raba kwa spiriti kwanza maana inatoka kwenye molda ikiwa na utelezi, paka gundi nyembamba pande zote mbili, acha ikauke kidogo mpaka inate kidoleni, ndio ubandike. Ya njano ikivuja pembeni utaiona mpaka unazeeka, chukua nyeusi. Na rangi mbichi iache ikomae kwanza, viyeyusho vya gundi vinaila.

"Silikoni ni ileile tu." Sio ileile. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi na bati linaanza kutu chini yake, na siku ukitaka kupaka rangi tena hapo rangi inakimbia na kufanya macho ya samaki, yaani vishimo vidogo vya mviringo. Nikiikuta kwenye gari naongeza bei ya kazi, sioni haya kusema.

"Vuta raba ifike." Raba iliyovutwa itarudi. Ukivuta ile ya buti kwenye kona, baada ya miezi ina mwanya kwenye kiungo na imekonda pale kwenye kona. Fanya kinyume, anza na ncha moja penye kitasa, zungusha bila kuvuta, kata ikiwa imezidi kidogo, halafu sukuma ncha mbili zikutane kwa kubanana.

"Ipake grisi iwe laini." Raba nyingi za sasa ni EPDM (aina ya raba ya kutengenezwa, si ya asili), na mafuta ya petroli yanaivimbisha na kuiharibu. Grisi ya silikoni, kidogo, kwa kitambaa.

"Nimepata za kiwandani zenyewe, hazijatumika tangu 1970." Hongera, zitundike ukutani. Raba inazeeka hata ndani ya boksi lake, nyingine ukiikunja inapasuka. Kwa gari la maonyesho ambalo halioni mvua sawa, kwa la kuendesha nunua iliyotengenezwa leo.

"Camaro ni Camaro." Ya 1967 ina kile kioo kidogo cha pembetatu mbele ya mlango na raba zake, 1968 kikaondolewa. Ya paa la bati na ya paa la turubai linalokunjwa nazo raba za juu ni tofauti kabisa. Na kulia sio kushoto! Zitoe kwenye mfuko, zilaze sakafuni, linganisha na za zamani kona kwa kona, tundu kwa tundu, kabla hujafungua gundi, maana duka halirudishii pesa raba iliyopakwa gundi.