Reli iliyokaa miaka 27 bila injini

Kila nikimwambia mtu nimefanya kazi ya reli swali la kwanza ni injini, ulikuwa unaendesha ipi, na nikisema mimi ni mtu wa njia, yaani vyuma, mataruma na kokoto, naona kabisa uso wake unapoa. Sasa leo nataka niwape habari ya reli moja ndogo huko kaskazini ya Wales, inaitwa Ffestiniog, manake ile ndiyo reli ya watu wa njia kweli kweli. Ilifunguliwa 1836 na injini ya kwanza ilifika 1863, katikati hapo mzigo ulikuwa unateremka wenyewe.

Ilikuwa hivi. Juu milimani Blaenau Ffestiniog kuna machimbo ya sleti, lile jiwe jeusi linalopasuka bapa bapa, wazee wetu waliandikia shuleni na Wazungu wanaezekea nyumba. Jiwe zuri lakini zito halafu linavunjika, na kabla ya reli lilikuwa linashushwa kwa wanyama na mikokoteni mpaka mtoni, linapakiwa kwenye mashua, mashua inalipeleka baharini, huko linapakuliwa tena linaingia melini. Kila likishikwa kuna vipande vinavunjika, na kila anayeshika anataka hela yake. Sasa mtu mmoja anaitwa William Madocks alikuwa ameshajenga tuta kubwa la kuzuia bahari, lilimalizika 1811, na pembeni yake ikaja kuota bandari ya Porthmadog. Machimbo juu, meli chini, katikati kilomita kama 21 hivi. Bunge la London likapitisha sheria ya kampuni mwaka 1832, aliyeisukuma ni Henry Archer na aliyepima njia ni James Spooner.

Huyu Spooner ndiye namvulia kofia. Angalia alichofanya, tofauti ya kimo kutoka machimboni mpaka kwenye tuta ni karibu mita 200, yeye akaigawa ile tofauti karibu sawasawa njia nzima, wastani wa kushuka mita 1 kwa kila mita 90 hivi. Mtu atasema si kuteremka tu, kuna ugumu gani. Ugumu upo! Gurudumu la chuma juu ya reli halina ubishi mkubwa, na kwenye mteremko huo kila tani inasukumwa na uzito wake kwa nguvu kama ya kilo 11, inatosha kushinda msuguano na kubaki na chenji kidogo. Ukilaza njia zaidi ya hapo behewa linasimama katikati ya pori, ukiinamisha zaidi breki za mkono hazishiki, na tena yule farasi atakayerudisha mabehewa matupu juu hawezi. Kwa hiyo kuna kidirisha chembamba sana cha kupitia, na ukitaka kukaa humo kilomita zote hizo huruhusiwi kukata moja kwa moja, lazima uufuate mlima unavyojikunja, ukikuta bonde ujaze. Pale panaitwa Cei Mawr walipanga ukuta wa mawe makavu, bila saruji wala chokaa, kimo karibu mita 20, na mpaka leo treni zinapita juu yake. Nimejenga makalavati yenye saruji ya kutosha yakafa mvua ya pili, basi tuyaache hayo.

Sehemu moja tu mlima ulimshinda, mwanzoni walikuwa wanavusha mabehewa juu ya kilima kwa kamba, mpaka 1842 walipomaliza kutoboa handaki la Moelwyn.

Upana wa reli ni milimita 597, hata sentimita 60 hazifiki. Waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga wanaijua saizi hii, zile troli za kubeba mkonge kwenda kiwandani zilikuwa za sentimita 60. Sababu ni ileile, njia nyembamba inakubali kona kali, na ukiwa na kona kali hulipii milipuko ya kukata mlima.

Uendeshaji wake sasa. Mabehewa yaliyojaa sleti yanaungwa, wenye breki wanapanda juu ya mzigo, wanaachia, safari inachukua kama saa moja na nusu. Na farasi? Farasi naye anapanda! Nyuma kulikuwa na kibehewa chake maalum, anasimama humo anakula nyasi zake huku anashushwa mpaka bondeni. Kufika kwenye tuta la Madocks ni tambarare, basi anashuka anavuta mpaka bandarini, halafu ndio zamu yake ya kuvuta matupu kupanda mlima, safari ya karibu saa sita nzima.

Hapo kwenye saa sita ndipo utaelewa injini ilikuja kufanya nini. Watu wengi wanadhani injini ililetwa kuvuta sleti. Hapana. Sleti haikuwa na shida, inashuka bure. Shida ilikuwa kurudisha matupu, machimbo yalikuwa yanazalisha kuliko farasi wanavyoweza kupandisha mabehewa, kwa hiyo Charles Spooner, mtoto wa yule James, akaagiza vijiinjini vya mvuke kwa George England wa London. Abiria wakaruhusiwa rasmi 1865. Na sleti ikaendelea kushuka yenyewe vilevile, mpaka 1939! Miaka 76 ya kuwa na injini na bado mzigo mkuu unashushwa na mtu mwenye breki.

Halafu 1869 ikaja Little Wonder, ya Robert Fairlie, injini yenye vichwa viwili, boila moja ndefu ina bomba la moshi huku na huku, dereva na mtu wa makaa wako katikati, na magurudumu yako kwenye vigari viwili vinavyojigeuza kila kimoja kivyake ndio maana inaziweza zile kona. 1870 walifanya majaribio mbele ya wageni, kukawa na ujumbe toka Urusi, na Urusi na Mexico zote zikaja kununua za aina hiyo.

Nisiwaruke majirani zao wa Talyllyn, nao reli ya sleti, wa 1865. Hawa walijenga madaraja ya juu yakawa membamba, treni ikipita ukutani kunabaki nafasi kidogo mno, mkaguzi wa serikali akagoma. Dawa waliyoipata: wakasogeza reli upande mmoja chini ya daraja na wakafunga milango ya mabehewa upande wa pili moja kwa moja. Ni uzembe wa vipimo, lakini suluhisho nalipenda. Na hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, 1951.

Ffestiniog yenyewe ilisimama 1946. Kuing'oa ilihitaji sheria nyingine ya Bunge, hakuna aliyekwenda kuiomba, basi ikaachwa imelala na majani yakaota. Wapenzi wa reli wakaanza kuirudisha 1955 kutokea chini. Ila juu kule watu wa umeme wakajenga bwawa, maji yakafunika kipande cha njia. Kuanzia 1965 mpaka 1978 watu wa kujitolea wakachimba mchepuko, na ili kupata kimo ikabidi reli pale Dduallt ijizungushe ipite juu ya yenyewe. Blaenau wakafika 1982.

Kazi kubwa, siwezi kuidharau. Lakini kama mtu wa njia kuna kitu kinaniuma: mchepuko unapanda mpaka juu ya bwawa halafu unashuka tena kukutana na njia ya zamani, kwa hiyo ule mteremko mmoja wa Spooner umekatika. Bado wanashusha treni za sleti bila injini siku za maonyesho, wenye breki juu ya mabehewa kama zamani, ila wanaanzia upande wa chini, mchepuko unapoanzia. Kutoka Blaenau yenyewe haiwezekani tena.