Makufuli ya Ziada ya Gari la Kazi: Yanayosemwa Gereji na Yaliyo Kweli

Mwizi akiondoka na drili, mashine ya kukatia chuma na roli mbili za waya, veni ya fundi inabaki palepale lakini kazi ya kesho imekwenda. Mteja wa Ntinda, hapa Kampala, hatasubiri mpaka ununue vifaa vingine. Ndiyo maana suala la makufuli ya gari la kazi nalichukulia kwa uzito, na inaniuma kuona watu wakitoa pesa waliyoihangaikia kwa ushauri ambao nusu yake si kweli. Yafuatayo ni yale yanayosemwa sana hapa Uganda, na jinsi mambo yalivyo hasa.

«Gari lina rimoti na alamu, kufuli jingine la nini?»

Rimoti haiongezi kufuli lolote. Inawasha mota ndogo ndani ya mlango, na mota hiyo inasogeza kitasa kilekile kilichotoka kiwandani. Kitasa hicho kikishindwa kwa njia nyingine, rimoti haina la kufanya.

Na hushindwa. Magari yetu mengi ya kazi, yaani HiAce, TownAce na Nissan Vanette, yametumika Japani miaka mingi kabla ya kushushwa Mombasa. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza magari yenye miaka 15 na kuendelea, lakini hata gari la miaka 12 mlango wake umefunguliwa maelfu ya mara. Ndani ya tundu la ufunguo mna vibati vidogo ambavyo hulika taratibu. Vikishalika vya kutosha, ufunguo wa gari jingine la aina hiyo, nao ukiwa umechakaa, unaweza kuzunguka humo bila taabu. Kufuli la ziada lina maana kwa sababu halitegemei chochote cha gari: lina ufunguo wake na komeo lake, na halijaunganishwa na waya wowote.

Kuna pia vifaa vya kuvuruga mawimbi ya rimoti. Unabonyeza, unaondoka, kumbe mlango haukufunga. Dawa yake haigharimu hata shilingi: vuta mpini kabla hujaondoka, kila mara, hata ukiwa na haraka. Alamu nayo ni sauti tu, na pale Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, alamu zinazolia ovyo zimekuwa nyingi kiasi kwamba hakuna anayegeuza shingo.

«Kufuli likiwa kubwa na zito, mwizi atakata tamaa»

Ukubwa wa mwili wa kufuli hauelezi kitu. Tazama upinde wake, kile chuma kilichopinda kinachopita kwenye pete. Ukiwa wa chuma laini, mkasi uleule wa kukatia nondo utaukata. Tafuta upinde wa chuma kilichokazwa, wenye unene wa milimita 10 au zaidi. Bora kuliko huo ni kufuli la duara, bapa, ambalo upinde wake umejificha ndani ya mwili ili mkasi usipate pa kuuma. Makufuli ya shaba hayashiki kutu, jambo jema kwa mvua zetu za Machi hadi Mei, lakini ni rahisi kutoboa. Grenda ya betri inakata karibu kila kufuli, hilo tulikubali. Unachonunua ni dakika na kelele, na mwizi wa vifaa hapendi kutumia vyote viwili.

Hata hivyo tatizo kubwa haliko kwenye kufuli lenyewe. Liko kwenye vyuma viwili vinavyolibeba, yaani pete zinazoshikizwa kwenye mlango na fremu. Bati la mlango wa veni kwa kawaida halifiki unene wa milimita moja. Ukishikiza pete ya kufuli kwa skrubu za bati au riveti, mwizi haligusi kufuli. Anapenyeza kipande cha chuma nyuma ya pete, anaegemea kwa uzito wake, na kufuli lako la bei linatoka zima, bado limefungwa. Pete ishikwe kwa bolti zenye kichwa laini cha mviringo ambacho spana haikikamati. Bolti zipenye hadi ndani, na huko ndani pawe na bamba la chuma la milimita 3 hivi, pana kuliko pete yenyewe, ndipo nati zikazwe. Bamba hilo hutawanya nguvu ya anayevuta ili bati lisichanike. Kipande cha kutosha utakipata kwenye vyuma chakavu vya Katwe kwa pesa kidogo sana, na bado ndicho mafundi wengi wanachokiruka. Simama hapo ukione kikiwekwa.

«Aina zote ni moja, chukua ya bei nafuu»

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa zaidi, kwa sababu kuna aina mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza ni kitasa kinachojifunga chenyewe mlango ukigonga, na hakifunguki kwa nje bila ufunguo. Ya pili ni komeo la ufunguo: unafunga mlango kama kawaida, kisha unazungusha ufunguo na chuma kinaingia kwenye fremu. Hilo halijifungi lenyewe. Usipozungusha ufunguo, ni kama halipo.

Mfikirie dereva anayesambaza mikate kutoka mjini hadi maduka ya Kireka na Mukono. Anafungua mlango mara nyingi kwa siku, mikono yake imejaa kreti. Mpe komeo la ufunguo, na kabla ya saa sita mchana ameshaacha kulitumia. Si uvivu, kazi yake haimpi nafasi. Wizi unaomkuta hutokea katika dakika ile aliyoingia dukani kusainisha karatasi, au kwenye foleni ya Kibuye, mtu anapoinua mlango wa nyuma, anachukua katoni na kupotelea kati ya bodaboda huku dereva akitazama mbele. Huyu anahitaji kitasa kinachojifunga chenyewe. Ubaya wake ni kwamba unaweza kufungia ufunguo ndani, kwa hiyo ufunguo huo ukae kwenye kamba shingoni au kwenye mkanda, mbali na ule wa kuwashia gari.

Fundi bomba ni mtu mwingine. Anafika Najjera asubuhi, anaegesha kutwa nzima nje ya nyumba inayojengwa, na usiku veni inalala uani. Mlango wake haufunguliwi mara nyingi, ila gari hukaa peke yake saa nyingi. Anahitaji komeo la ufunguo, zito, linaloingia ndani ya fremu. Kwa mlango wa kusukuma pembeni achague komeo lenye ncha ya ndoano, maana lililonyooka linaweza kuchomoka mlango ukivutwa au kupindwa, ilhali ndoano inang'ang'ania fremu.

Na kama kazi yako inachanganya yote mawili? Mimi ningeweka kinachojifunga chenyewe kwenye mlango wa pembeni unaotumika kila saa, na komeo la ufunguo kwenye mlango wa nyuma, kisha ningeufungua ule wa nyuma wakati wa kupakia tu.

Jihadhari na vifurushi vya makufuli vinavyouzwa mtandaoni. Vingi vimepimwa kwa ajili ya veni za Ulaya kama Ford Transit na Mercedes Sprinter, ambazo milango yake ya nyuma huwa miwili, inayofunguka kulia na kushoto. HiAce yetu ina mlango mmoja wa kuinua, wenye bawaba juu na kitasa chini. Mabamba ya kifurushi cha Transit hayatakaa hapo, na fundi ataanza kuyakata na kuyapinda mpaka yapoteze nguvu. Peleka gari kwanza, pima nafasi, ndipo ununue.

«Ulinde mlango wa nyuma, mingine haina shida»

Tunaendesha upande wa kushoto, hivyo mlango wa pembeni wa kushoto ndio unaoangalia njia ya watembea kwa miguu, na dereva haoni vizuri kinachotendeka hapo. Mwizi naye anaufikia bila kuingia barabarani. Zaidi ya hapo, veni zetu nyingi zina vioo hadi nyuma. Kioo kikivunjwa, mkono unaingia na kufungua kwa ndani, isipokuwa kuwe na komeo lisilofunguka bila ufunguo. Wavu wa chuma uliofungwa kwa bolti ndani ya vioo unasaidia kuliko kufuli la pili kwenye mlango uleule.

Halafu kuna jambo linalosahaulika mno: kama hakuna ukuta kati ya viti vya mbele na mizigo, basi mlango wa dereva nao ni mlango wa mizigo. Unaweza kuweka makomeo mazuri nyuma na pembeni, na mwizi akapitia mbele juu ya viti. Kwa veni ya namna hiyo, pesa ya kwanza iende kwenye ukuta huo, wa bati nene au wavu, kabla ya kufuli lolote.

«Mchomeleaji yeyote anaweza kulifunga kwa nusu saa»

Kuchomelea kwenye bati jembamba la gari huunguza rangi na kinga ya kutu, nje na ndani. Ndani huoni, na baada ya misimu miwili ya mvua kutu imekula pembeni mwa pete. Moto nao unaweza kuunguza nyaya na vitambaa vya mlango. Umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza pia kuharibu kompyuta ya gari. Kama ni lazima kuchomelea, waya hasi wa betri uchomolewe kwanza, na waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu kabisa na panapochomwa. Bolti na bamba ni bora kwa mahali pengi. Kila tundu lililotobolewa lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla bolti haijaingia.

Kabla ya kutoboa mlango, kitambaa cha ndani kitolewe ili fundi aone kioo kinaposhukia na nyaya zinapopita. Kazi ikiisha, shusha kioo hadi mwisho, fungua na funga mlango polepole, ukiangalia kama komeo linalenga tundu lake bila kusugua. Komeo linalosugua leo litakwama siku ya mvua.

«Kufuli la nje ndilo salama kuliko yote»

Naomba hili lisomwe kwa makini. Vibarua wengi husafirishwa nyuma ya veni pamoja na vifaa. Mlango wa nyuma ukifungwa kwa kufuli kutoka nje huku watu wamo ndani, gari likipinduka au likishika moto hawana pa kutokea. Komeo la ufunguo lisilofunguka kwa ndani lina hatari hiyohiyo. Hakuna drili inayostahili hatari hiyo. Kukiwa na mtu nyuma, makomeo ya ziada yaachwe wazi, na angalau mlango mmoja ufunguke kwa ndani kwa mpini wa kawaida. Tajiri anayemwamuru dereva kufungia vibarua ili wasiibe njiani anakosea vibaya, na dereva ana haki ya kukataa.

«Bima italipa», «nina traka», «kuna askari»

Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, hailipi vifaa vyako vilivyoibwa. Bima kamili nayo inaweza kulinda gari bila kulinda vilivyomo ndani, kwa hiyo uliza kuhusu vifaa na mizigo, na upate jibu kwa maandishi. Traka, kifaa cha kuonyesha gari lilipo, inafuata gari, haifuati grenda iliyobebwa kwenye bodaboda. Namba mpya za kidijitali, zilizoanza kufungwa kwenye magari ya serikali mwishoni mwa 2023, nazo kazi yake ni kutambua na kufuatilia gari. Askari wa usiku ni msaada mkubwa, lakini akilinda yadi yenye magari mengi hawezi kuwa kwenye kila mlango. Kama una chumba, vifaa vya bei vilale ndani, si garini.

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika namba ya kila mashine na uipige picha. Chora namba ya gari kwenye vifaa kama tunavyochora kwenye vioo vya pembeni. Ukiibiwa piga 999 au 112, kisha nenda kituo cha polisi cha karibu ukiwa na orodha hiyo. Mashine iliyoandikwa namba ni rahisi kuidai inapoonekana sokoni.

«Nikishafunga kufuli zuri, kazi imekwisha»

Kufuli linafuata ufunguo ulipo. Ufunguo wa kawaida unachongwa nakala barabarani kwa dakika chache bila kuulizwa swali. Ukishapita kwa dereva, kwa utingo na kwa fundi aliyekuja siku moja, huwezi tena kujua zipo nakala ngapi. Ukinunua, ulizia aina ambazo nakala yake huchongwa kwa kadi ya mwenye kufuli tu. Gharama huongezeka, na kwa gari linaloendeshwa na mtu zaidi ya mmoja naona inafaa. Dereva akiacha kazi, badilisha tundu la ufunguo hata kama mmeagana vizuri, na umweleze kuwa ni utaratibu kwa kila mtu ili asiondoke na donge.

Vumbi la murram, udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami, ni adui mwingine, hasa kwa wanaofanya kazi Arua, Karamoja au barabara za ndani za Busoga. Usijaze grisi wala oili ya injini kwenye tundu la ufunguo, kwa sababu vumbi hushikamana nayo na kugeuka tope gumu. Tumia unga wa grafiti, kidogo tu, na uingize ufunguo mara kadhaa ili ufike ndani. Ufunguo wa akiba ujaribiwe siku ileile unapotoka kuchongwa, kwenye kila mlango, kabla ya kuupeleka nyumbani kuhifadhiwa.