Kamera ya pikipiki haitunzi kila kitu

Maboda wengi hapa Kigoma wanaamini ukishafunga kamera kwenye pikipiki, kila kilichotokea kipo tu humo ndani, hata cha mwezi jana. Kumbe memori kadi ikijaa, kamera nyingi zinafuta video za zamani na kurekodi juu yake, sasa kadi ya GB 32 kwa kamera mbili za Full HD, ya mbele na ya nyuma, inajaa ndani ya saa chache tu, yaani umetoka Mwanga asubuhi, jioni uko Ujiji ile ya asubuhi haipo. Kuna sensa (kifaa cha kuhisi mtikisiko) inayolinda video isifutwe pikipiki ikigongwa, ila kwa mashimo yetu haya nayo inashtuka ovyo. Jioni chomeka kadi kwenye simu, cheki video ya kwanza ni ya saa ngapi, ndiyo utajua kadi yako inatunza kuanzia muda gani (saa ya kamera iwe imesetiwa lakini).