Palizi haimalizi kongwe

Kongwe ni gugu la shambani; Wakikuyu wanaiita mukengeria, Wajaluo odielo. Kitaalamu ni Commelina benghalensis: mmea unaotambaa, wenye majani mapana na ua dogo la buluu linalochanua asubuhi na kusinyaa mchana. Watu wengi huiita nyasi, na si nyasi.

Dhana ninayoisikia zaidi ni kwamba ukiipalilia vizuri mara moja umemalizana nayo. Ukweli ni kwamba jembe ndilo linaloieneza. Kila pingili ya shina inaweza kutoa mizizi, kwa hiyo ukiikatakata na kuiacha juu ya udongo wenye unyevu, umepanda miche. Ichimbue moja taratibu, usiivute: chini utakuta vikonyo vyeupe vyenye maua yasiyofunguka kamwe. Hujichavusha yenyewe na kuzaa mbegu humo humo udongoni, bila nyuki. Ndiyo maana hata ule ushauri wa “ing’oe kabla haijachanua” hautoshi. Unalisubiri ua la buluu huku chini mbegu zinakomaa. Ukipalilia, itoe shambani kabisa: wape mifugo, au ianike mahali pakavu hadi ikauke kweli kweli, maana shina lake hukaa na maji siku nyingi.

Dawa je? Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, huisumbua tu, hasa ikishakomaa. Wakulima wa pamba wa Georgia, Marekani, walilijua hilo walipohamia pamba inayostahimili dawa hiyo: magugu mengine yalikufa, kongwe ikapata nafasi ya kutawala.

Eti haina faida? Majani machanga ni mboga, na sungura na nguruwe wanaipenda. Kwa kuwa imejaa maji, wafugaji huinyausha kwanza kabla ya kumpa sungura.

Tena inafunika udongo vizuri chini ya migomba au kwenye ukingo wa mfereji, na hapo unaweza kuipanda kwa makusudi. Usihangaike na mbegu. Kata kipande chenye pingili mbili tatu, fukia moja, mwagilia. Hakikisha tu umeokota yenyewe: kongwe ina vinywele vya rangi ya kutu pale jani linapokumbatia shina. Yenye maua ya njano ni ndugu yake, Commelina africana, na ile ya vyunguni yenye mistari ya zambarau na fedha ni mmea mwingine kabisa, asili yake Mexico na nchi jirani.

Wapo pia wanaodhani mmea wa porini hauhitaji kuangaliwa. Huu unahitaji: punguza kingo zake mara kwa mara, usiuache uingie kwenye matuta. Unagombea maji na mazao, na mizizi yake huhifadhi minyoo fundo, wale wadogo wanaovimbisha mizizi ya mazao kama nyanya. Karibu na nyanya mimi siupandi, hata uchanue namna gani.