Kuunga pingili za shingo: maana yake kwa mwanamichezo

Kuunga pingili za shingo ni upasuaji unaofanya pingili mbili au zaidi, kati ya 7 zilizopo shingoni, ziote pamoja hadi ziwe mfupa mmoja. Kwa wachezaji wa raga, mieleka au judo, hufanyika pale kishindo kinapovunja pingili, kinapoihamisha mahali pake, au kinaposukuma diski (mto laini ulio kati ya pingili na pingili) hadi ikabana ugwe wa mgongo, yaani kamba ya fahamu ipitayo ndani ya pingili, au mishipa ya fahamu iendayo mikononi.

Neno lenyewe lina maana mbili, na hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea: daktari huunga, na mfupa nao huunga, lakini kazi hizo haziishi siku moja. Katika njia ya mbele, iliyoelezwa na madaktari wa Marekani miaka ya 1950, daktari hupasua kwenye mkunjo wa shingo, husogeza kando koo na umio, huondoa diski iliyoharibika, kisha hupachika kipande cha mfupa, ambacho huweza kuchongwa kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe, na kukibana kwa bamba la titaniamu na skrubu. Bamba hilo ni kama mirunda chini ya zege bichi: linashikilia tu, huku mfupa ukiota taratibu kwa miezi 3 hadi 6, pengine mwaka mzima.

Siku za mwanzo mgonjwa hunywa uji kwa kumeza polepole, na sauti hukwaruza. Maumivu ya mkono yanaweza kuisha mapema, naye akajiona mzima, akapanda daladala ya Mbagala akiwa amesimama, kola ya kushikilia shingo ameitia mkobani, ilhali mfupa haujaunga. Huo ndio wakati ninaouhofia zaidi. Sigara nayo huchelewesha mfupa kuunga.

Ikiwa ugwe wenyewe umeumia, upasuaji huondoa mbano na kuituliza shingo, lakini haurudishi kilichokwisha kufa. Nguvu zitakazorejea hutegemea sana kiasi kilichobaki tangu ajali, pamoja na mazoezi ya tiba ya muda mrefu. Kwa hiyo mchezaji aliyeanguka na kulalamikia shingo au ganzi asiinuliwe wala kukandwa, hata na mkandaji anayeaminika mtaani. Kichwa kishikwe kisitikisike hadi apelekwe hospitali. Hapa Dar es Salaam, upasuaji wa mgongo hufanyika, miongoni mwa kwingine, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

Kurudi mchezoni huamuliwa na picha pamoja na uchunguzi wa mwili. Aliyeungwa pingili mbili tu, picha ikaonyesha zimeshikana, hana maumivu wala ganzi, na nguvu zimerejea, anaweza kuruhusiwa: Peyton Manning, mchezaji wa futiboli ya Marekani, alifanyiwa upasuaji wa namna hii mwaka 2011, akakosa msimu mzima, akarejea mwaka 2012. Pingili nyingi zaidi zikiungwa, zile za jirani hubeba mzigo wa mwendo uliopotea, na ndiyo sababu aliyeungwa nne au zaidi kwa kawaida huzuiwa kabisa kurudi kwenye michezo ya kugongana.