Achilles Hakuwa Amenuna: Dhana Potofu Kuhusu Heshima ya Mashujaa wa Homer

Kila msimu wa kusahihisha insha za fasihi ya kale huniletea sentensi ileile, viungo tu ndivyo vimebadilishwa: "Achilles alisusa vita kwa sababu ya kiburi chake na mwanamke aliyempenda." Wanafunzi huiandika kwa kujiamini, walimu wenzangu huirudia, na wale waliotazama filamu bila kuufungua utenzi huitia chumvi. Kwa kuwa nimechoka kuijibu pembeni mwa karatasi za watu, nitaijibu hapa kwa urefu inaostahili, kisha nizipitie nyingine kwa haraka.

Tuanze na kinachotokea hasa katika Kitabu cha 1 cha Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy, ambamo Achilles ndiye mpiganaji bora wa Wagiriki. Agamemnon, mfalme anayeliongoza jeshi la Wagiriki, anakataa kumrudishia Chryses, kuhani wa mungu Apollo, binti yake aliyetekwa; tauni ya mungu huyo inaliua jeshi kwa siku 9; siku ya 10 Achilles anaitisha baraza, na mwaguzi Calchas anaeleza kwamba chanzo ni mfalme mwenyewe. Agamemnon anakubali kumrudisha binti huyo lakini anadai fidia papo hapo, ingawa Achilles anamweleza kwamba ngawira zimekwisha kugawanywa na si haki kuwapokonya watu walichokwisha kupewa. Mfalme anaamua kumchukua Briseis, mateka ambaye jeshi lilimgawia Achilles, na anasema wazi kwa nini: anataka Achilles ajue ni nani aliye mkubwa, na mtu mwingine yeyote aogope kujilinganisha naye.

Msomaji asiyeielewa hatua hiyo hataelewa chochote kinachofuata. Heshima miongoni mwa mashujaa hawa si hisia ambayo mtu anaitunza moyoni kuhusu nafsi yake, bali ni kitu kinachotolewa hadharani na wenzake, kikaonekana na kuhesabika: fungu la ngawira, kiti cha heshima karamuni, pande nono la nyama, kikombe kisichoachwa kikakauka. Katika Kitabu cha 12 Sarpedon, mkuu wa Lycia anayepigana upande wa Troy, anamweleza mwenzake Glaucus mkataba huo bila kuficha, kwamba watu wa Lycia huwapa wao wawili vitu hivyo vyote pamoja na shamba kubwa kando ya mto Xanthus, na kwa hiyo hawana budi kusimama mstari wa mbele pale vita vinapowaka. Anaongeza kwamba kama kuikwepa vita hii kungewafanya wasizeeke wala wasife, yeye mwenyewe asingepigana mbele. Agamemnon anapolitwaa fungu lililokwisha kutolewa na wote, hamuudhi mtu mmoja mwenye majivuno tu. Anauvunja mkataba unaowafanya watu wale wakubali kufa chini ya kuta za Troy.

Hili si pendeleo langu kwa Achilles. Mungu wa kike Athena anaposhuka kumzuia asimuue mfalme, hamkemei kwa kiburi. Anakiita kitendo cha Agamemnon udhalilishaji, na anamwahidi zawadi mara 3 ya alichonyang'anywa. Nestor, mzee mshauri wa Wagiriki, ambaye pia anamwonya Achilles asishindane na mfalme, anamtaka Agamemnon amwache binti huyo kwa mtu aliyegawiwa. Agamemnon mwenyewe anakiri katika Kitabu cha 2 kwamba ndiye aliyeanza ugomvi. Mtuhumiwa amekiri, na bado wasomaji wanamtafutia wakili.

Na mapenzi je? Katika Kitabu cha 1 Achilles anatangaza kwamba hatapigana na mtu kwa ajili ya binti huyo, kwa kuwa waliompa ndio wanaomchukua. Ni kweli kwamba katika Kitabu cha 9 anasema alimpenda kwa moyo wote ijapokuwa ni mateka wa mkuki wake, lakini katika Kitabu cha 19 anasema afadhali mungu wa kike Artemis angemuua siku ile ile alipompata. Anayetaka kuandika juu ya Briseis aandike juu ya Briseis mwenyewe, mwanamke ambaye mumewe aliuawa na Achilles, kaka zake 3 wakafa siku ile ile, na ambaye utenzi wote unampa hotuba moja tu, tena ya kumlilia Patroclus, rafiki mpenzi wa Achilles. Heshima ya wanaume hawa ililipwa kwa miili ya watu kama yeye, na insha zinazozungumzia mapenzi hulifunika jambo hilo.

Hapo hujibiwa kwamba Agamemnon alijirekebisha na Achilles akakataa. Orodha ya zawadi ambazo mfalme anaahidi kupitia wajumbe katika Kitabu cha 9, ili Achilles arudi vitani, ni kubwa kweli: talanta 10 za dhahabu, masufuria 20, farasi 12, wanawake 7 wa Lesbos, Briseis pamoja na kiapo kwamba hakuguswa, miji 7, na binti wa mfalme wa kuoa. Lakini Agamemnon anaimaliza kwa kumtaka Achilles anyenyekee kwa sababu yeye, Agamemnon, ndiye mfalme mkubwa zaidi, maneno ambayo Odysseus, mjumbe mwerevu, anayaruka anapoiwasilisha orodha hiyo karibu neno kwa neno. Achilles hakuyasikia, lakini anainusa hila: anasema anamchukia kama milango ya kuzimu mtu anayeficha jambo moja moyoni na kutamka jingine, na kwamba Agamemnon hawezi kuthubutu kumtazama usoni. Mali nyingi namna hiyo, zikitolewa na mkuu ambaye hakuja mwenyewe, humfanya mpokeaji awe mdogo kuliko alivyokuwa kabla ya kunyang'anywa.

Kosa la Achilles lipo, ila watu hulitafuta mahali pasipo. Ajax, anayezungumza kwa ufupi kuliko wajumbe wenzake, anamkumbusha kwamba mtu hupokea fidia hata kwa kaka au mwana aliyeuawa, na Achilles anakubali kwamba maneno hayo yamekaribia kabisa yaliyo moyoni mwake, isipokuwa anafura kwa hasira kila akikumbuka alivyotendewa kama mhamiaji asiye na heshima. Kwa Odysseus alisema ataondoka kesho. Kwa Phoenix, mlezi wake wa zamani, kwamba wataamua asubuhi. Kwa Ajax, kwamba atapigana iwapo Hector, shujaa mkuu wa Troy, atazifikia meli za Achilles mwenyewe. Mtu aliyenuna habadilishi msimamo mara mbili katika jioni moja kwa kusikiliza hoja. Kinachomponza ni kwamba dai lake la haki linaendelea kudai baada ya marafiki zake kuanza kufa kwa ajili yake, na Patroclus ndiye anayelilipa. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka, ni kuyasoma majibu hayo matatu kwa sauti, moja baada ya jingine, kabla ya kushika kalamu.

Dhana nyingine hazihitaji nafasi kubwa. Wanaosema kwamba Hector hupigania nchi na Achilles hujipigania mwenyewe wanaikumbuka kauli ya Hector kwamba dalili njema kuliko zote ni kuitetea nchi, lakini wanausahau mlango wa mji katika Kitabu cha 22, ambapo wazazi wake wanamsihi aingie ndani naye anabaki nje kwa kuona aibu: aliukataa ushauri wa mwenzake Polydamas, watu wakaangamia, na anaogopa kusemwa na mtu aliye duni kuliko yeye. Wanaodhani kwamba shujaa halii wala hakimbii hawajafika mbali, kwa sababu Agamemnon hulia mbele ya baraza, na Hector huyu huyu anakimbizwa mara 3 kuuzunguka mji. Na kisigino, kinachosimuliwa kuwa mahali pekee pa kumjeruhi Achilles, na ambacho kila mwaka hufanywa ishara ya kiburi cha Achilles, hakimo katika Iliad. Habari ya Achilles kuchovywa utotoni katika Styx, mto wa kuzimu, tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo.

Kitabu ambacho wengi hukiruka ni cha 23, kwa kuwa wanakidhania kuwa ni michezo tu, ile ya mazishi ya Patroclus. Achilles ndiye anayegawa zawadi sasa. Katika mbio za magari ya farasi anataka kumpa Eumelus, dereva bora aliyefika wa mwisho kwa ajali, zawadi ya pili, na kijana Antilochus, aliyefika wa pili, anapinga kwa hoja ile ile ya Kitabu cha 1: hiyo ni yangu, na ukimhurumia yeye mpe kitu kutoka hemani mwako. Achilles anatabasamu na kufanya hivyo hivyo, akimpa Eumelus dirii aliyoitwaa kwa Asteropaeus bila kumnyang'anya mtu. Katika shindano la mwisho, la kurusha mkuki, anamwambia Agamemnon kwamba wote wanajua kuwa mfalme ndiye bora, na anampa sufuria isiyowahi kuguswa na moto, yenye thamani ya ng'ombe mmoja, kabla mkuki haujarushwa.