Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa ana haki ya kusoma

Jijini Nairobi wazazi wengi, na hata walimu kadhaa, huamini kwamba mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hana haki ya kuandikishwa shuleni. Dhana hiyo si sahihi. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtoto, si kila raia, haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya kabila, dini, lugha au hali yake ya kijamii.

Chanzo cha dhana hii kinaeleweka, kwa kuwa NEMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali uliotumika kuwasajili wanafunzi, uliomba nambari ya cheti, na hivyo takwa la kiofisi likageuka kuwa kufuli la darasa. Wanaoumia si wakimbizi wa Eastleigh peke yao. Wanubi wa Kibera, jamii yenye asili ya Sudan, wameishi hapo zaidi ya karne moja. Hata hivyo, mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wao, ikiwemo haki ya uraia na ya elimu. Kizuizi kigumu zaidi, kwa maoni yangu, huja baada ya sekondari, kwani mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, huhitaji kitambulisho cha taifa, ambacho kijana wa Kinubi huweza kukisubiri kwa muda mrefu.